Sura ya Tano: Kitambaa cha Kuepulia

Ingia jikoni kwa watu saa ya kuepua wali, utazame mkono wa mpishi unakokwenda. Mara nyingi unakwenda kiunoni, kwenye pindo la khanga. Au unaokota kitambaa kilichotoka kufuta meza sasa hivi, bado kibichi. Au unavuta kipande cha boksi la sabuni, kinakunjwa mara mbili, kinabana ukingo wa sufuria. Sufuria inatua chini kwa kishindo, vidole vinapulizwa, kazi inaendelea. Na nyumba yenyewe ina jiko la gesi lenye oveni chini, ina blenda, ina seti ya sahani za wageni kabatini. Kitu cha kushikia moto tu ndicho hakijatengewa fedha.

Sura hii inakihusu kitu hicho: glovu ya jikoni, au kitambaa cha kuepulia, vyovyote unavyokiita kwako. Nimekipa sura nzima kwa sababu gharama yake ni ndogo na kukosekana kwake kunaumiza watu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao 180,000 hufa kila mwaka kwa kuungua, wengi wao katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Linaeleza pia kwamba wanawake na watoto huungulia zaidi jikoni: vyombo vya vimiminika vya moto vinapopinduka, miali inaposhika nguo, majiko yanapolipuka. Simama kwenye hilo la kwanza, la chombo kupinduka. Sufuria iliyotulia mezani haipinduki hivi hivi. Kuna aliyeigonga, au kuna aliyeishika akaiachia.

Na kuiachia hakuhitaji uzembe. Mkono ukipatwa na joto la ghafla, mishipa ya fahamu huuvuta kabla akili haijapata habari. Mwili umeumbwa hivyo ili kujiokoa. Lakini mkono huo ukiwa umebeba lita tatu za uji unaochemka, uji lazima uende mahali: miguuni pa mpishi, au kwa mtoto aliyechuchumaa karibu akisubiri kikombe chake. Kwa hiyo kitambaa kizuri cha kuepulia kinamlinda mpishi, na kinamlinda zaidi yule ambaye hakushika chochote.

Vyombo vyetu wenyewe vinaongeza ugumu. Sufuria ya kawaida ya Afrika Mashariki ni ya alumini, haina mikono, ina ukingo uliolazwa nje, na huo ukingo ndio wa kushika. Alumini hupitisha joto zaidi ya mara 10 kuliko stili isiyoshika kutu. Ndiyo maana chai huchemka upesi, na ndiyo maana joto la chini hupanda hadi ukingoni bila kuchelewa. Mwenye sufuria ya stili yenye mikono mirefu anaweza kubahatisha na kitambaa chepesi. Mwenye sufuria ya alumini juu ya kuni hana nafasi hiyo, hasa ndimi za moto zinapopanda ubavuni. Chungu cha udongo nacho kina tabia yake: hupata moto polepole, kisha hukaa nao muda mrefu hata uliyekisahau pembeni ukadhani kimepoa.

Upande wa pili kuna ngozi, nayo inavumilia kidogo sana. Maji ya nyuzi joto 60 za sentigredi huunguza vibaya ngozi ya mtu mzima kwa takriban sekunde 5. Yakifika nyuzi 70, sekunde moja inatosha. Ngozi ya mtoto ni nyembamba zaidi, na muda wake ni mfupi zaidi. Ukilinganisha na yaliyomo jikoni mwako utaona tulivyo karibu na hatari kila siku: mchuzi unaochemka uko kwenye nyuzi 100 hivi, mafuta ya kukaangia maandazi yako kati ya 170 na 190, trei ya keki hutoka kwenye oveni ikiwa na nyuzi 180 au zaidi, na mkaa unaowaka mwekundu huvuka 600.

Wako wanaojivunia mikono migumu, na katika kila ukoo yupo mama mkubwa au shangazi anayesifiwa kwa kuepua sufuria kwa vidole vitupu. Heshima yake ibaki palepale, lakini sifa hiyo tusiirithishe. Sugu huchelewesha maumivu kidogo tu; nyama iliyo chini ya sugu ni ileile ya kila mtu. Msichana anayejifunza kupika, ambaye vidole vyake havina sugu yoyote, hujaribu kumwiga mkubwa wake kwa kuona aibu ya kuomba kitambaa.

Sasa tuje kwenye kitambaa chenyewe. Hakuna kitambaa kinacholizuia joto lisipite kabisa. Kazi yake ni kulichelewesha, na kinafanya hivyo kwa msaada wa hewa. Kati ya nyuzi za pamba au sufu mna vijishimo vingi vya hewa iliyotulia, na hewa iliyotulia hupitisha joto kwa shida. Kitambaa kinene kina hewa nyingi, chembamba kina kidogo, na kilichobanwa sana hewa yake imeshatoka. Hii ndiyo sababu glovu inayokubana haifai hata ikiwa ya bei: vidole vinaisukuma kwa ndani, chuma kinaisukuma kwa nje, hewa inakwisha, na joto linapita.

Hapa tunafika kwenye kosa ambalo, kwa maoni yangu, linaunguza mikono mingi kuliko ukosefu wa glovu. Kosa hilo ni kushika chombo cha moto kwa kitambaa kibichi. Maji hupitisha joto zaidi ya mara 20 kuliko hewa. Kitambaa kikilowa, vile vijishimo vyote hujaa maji, na unene uliokuwa ukikulinda unageuka kuwa njia ya joto kuja kwako. Ubaya hauishii hapo. Ukishika trei ya nyuzi 200 kwa kitambaa chenye maji, maji yaliyogusana na chuma hugeuka mvuke papo hapo, na mvuke huo unapenya ndani ya kitambaa hadi kwenye kiganja. Gramu moja ya mvuke ikirudi kuwa maji juu ya ngozi hutoa juli 2,260 hivi za joto. Gramu moja ya maji yanayochemka ikipoa hadi nyuzi 40 hutoa 250 tu. Mtu akikuambia mvuke unauma kuliko maji ya moto, anasema kweli tupu.

Wapo wanaolowesha kitambaa kwa makusudi, wakiamini maji yatapunguza moto. Imani hiyo ina chanzo chake: kitambaa kibichi hakishiki moto upesi, na kwa nusu sekunde ya kwanza huhisi baridi mkononi. Kwa kuzimia mwali mdogo kwenye kikaango kina nafasi yake, kikikamuliwa vizuri. Kwa kuepulia hakifai kabisa. Na kwa kuwa jikoni maji yako kila mahali, kanuni ya nyumba iwe moja: kitambaa cha kuepulia kisifute meza, kisikaushe vyombo, kisipangusie mikono. Kina kazi moja tu. Kitundikwe mbali na sinki, karibu na jiko, upande ambao mkono unakifikia bila kuvuka juu ya moto.

Khanga nayo tuizungumze kwa uwazi, maana ni vazi letu na tunalipenda. Khanga ni nyembamba; ukiikunja mara nne bado haijafika unene wa taulo. Pindo unaloshikia sufuria limeunganishwa na mwili wako, kwa hiyo ukishtuka ukarudi nyuma, unaivuta sufuria ikufuate. Na ile ncha inayoning'inia ndiyo inayoburuta kwenye mkaa au kwenye mwali wa gesi wakati macho yako yapo kwenye mchuzi. Mpishi aliyejifunga khanga aikaze vizuri, achomeke ncha zake, kisha ashike kitu kingine cha kuepulia. Shati la mikono mipana na mtandio unaoning'inia vina hatari hiyohiyo.

Basi ununue nini, au ushonewe nini? Anza kwa kujua nyuzi. Pamba haiyeyuki. Ikizidiwa na joto hubadilika rangi, hunuka kama karatasi inayoungua, halafu hugeuka mkaa; inakupa dalili kabla ya kukuumiza, ingawa mwali ukiigusa inaweza kuwaka. Sufu huwaka kwa shida zaidi na mara nyingi hujizima. Poliesta huyeyuka kwenye nyuzi 250 hadi 260, na ikiyeyuka hunata kwenye ngozi huku bado ina moto. Utasema oveni yangu haifiki huko. Hewa ya ndani haifiki, ni kweli, lakini ile koili nyekundu ya juu inafika na kupita mbali, na mgongo wa mkono huigusa kirahisi mtu anapovuta trei ya ndani kabisa.

Shida ni kwamba dukani huwezi kujua kwa macho. Vitenge vingi vya bei nafuu vina poliesta, na maua mazuri ya glovu hayasemi kilichomo. Kuna jaribio la zamani wanalolijua mafundi cherehani, nalo halihitaji maabara. Chomoa uzi mmoja mmoja kutoka kwenye pindo la kitambaa, urefu wa kidole, usokote uwe kifundo kidogo. Ushike kwa kibano cha chuma juu ya sahani ya bati, mbali na pazia, uuguse na kiberiti. Ukiwa wa pamba, utawaka kwa mwali wa njano, utatoa harufu ya karatasi, na utaacha majivu mepesi ya kijivu ambayo ukiyapuliza hupeperuka. Ukiwa wa poliesta, utajikunja na kuukimbia moto kabla haujawaka, utatoa moshi mweusi, halafu utadondosha tone. Subiri lipoe, ulibonyeze kwa ukucha: ni gumu kama shanga. Tone hilo ndilo lingekuwa kwenye kidole chako. Kitambaa cha mchanganyiko hutoa vyote viwili, majivu na shanga, nacho pia ukikatae.

Sokoni na madukani zipo glovu za aina kadhaa. Za pamba zilizojazwa pamba, zenye dole gumba pembeni na vidole vinne pamoja, ndizo ninazozipendekeza kwa nyumba nyingi. Vidole vikikaa pamoja hewa ya ndani ni nyingi, na mkono huingia na kutoka upesi. Za vidole vitano humpa mtu mshiko mzuri zaidi, lakini kila kidole kinazungukwa na kitambaa kidogo, na kuzivua ghafla ni kazi. Za silikoni hazipitishi maji wala mvuke na hustahimili nyuzi 230 hivi, kwa hiyo ni nzuri kwa wapikaji wa vyakula vya mvuke na wanaoshughulika na maji ya moto. Udhaifu wake ni kuteleza zikipata mafuta, na nyingi hazina kitambaa cha ndani cha kutosha. Zivae ukiwa dukani, ushike kitu chembamba kama ukingo wa sahani, uone kama unakihisi. Usipokihisi, usizinunue.

Halafu kuna zile zilizofumwa kwa nyuzi za aramidi, familia ya Kevlar ambayo Stephanie Kwolek aliigundua mwaka 1965 katika maabara za DuPont huko Marekani. Nyuzi hizo haziyeyuki na hustahimili joto kubwa ajabu. Watu wanaochoma nyama huzipenda, na matangazo huzitajia nyuzi 500 kwa fahari. Kumbuka tu kwamba zimefumwa, zina matundu, na mchuzi au mafuta ya moto hupita kwenye matundu hayo kama hakuna kitu. Anayechoma mishikaki zinamfaa. Anayeepua supu hazimfai.

Kuhusu matangazo ya namba, upo upimaji wa kweli. Katika Umoja wa Ulaya, tangu Aprili 2018, glovu za oveni za nyumbani huhesabiwa kuwa vifaa vya kinga, na kabla ya kuuzwa lazima zitimize masharti ya vifaa hivyo. Kipimo kinachotumika huitwa EN 407. Lebo yake ina alama ya ngao na safu ya tarakimu chini yake, na tarakimu ya pili ndiyo inayomhusu zaidi mpishi, kwa kuwa inaeleza joto la kugusana. Ikiwa 1, glovu ilijaribiwa kwenye chuma cha nyuzi 100. Ikiwa 2, nyuzi 250. Ikiwa 3, nyuzi 350. Ikiwa 4, nyuzi 500. Kufaulu maana yake ni kwamba katika sekunde 15 joto la ndani halikupanda kwa zaidi ya nyuzi 10. Kwa trei za oveni tafuta 2. Glovu za namna hiyo huletwa na ndugu walio Ulaya wakiuliza wawaletee nini, na huweza kuonekana kwenye mitumba pamoja na mashuka na mapazia. Ukikutana nayo nzima, nunua.

Iangalie tena hiyo hesabu: sekunde 15. Kifaa kilichopimwa, chenye lebo, kinachouzwa kwa fedha nyingi, kinaahidi muda wa kutoka kwenye jiko hadi kwenye meza na si zaidi. Ukiufahamu mpaka huo utaitumia glovu yoyote vizuri, hata ile ya fundi wa mtaani.

Na huyo fundi ndiye chaguo langu kwa walio wengi. Mpelekee jinzi kuukuu kwa ajili ya nje, taulo kuukuu la pamba la kujaza, na kipande cha khanga iliyochakaa kwa ajili ya ndani. Khanga zikiwa mpya siku hizi zichunguze kwa kiberiti kwanza. Laza mkono juu ya karatasi, dole gumba likiwa limetanuka kiasi, uchore ukiacha nafasi ya upana wa vidole viwili kuzunguka. Urefu ufike katikati ya kigasha, sentimita 35 hivi kutoka ncha ya vidole, maana majeraha ya oveni yanapenda mahali pale juu ya kiwiko cha mkono panapogusa wavu wa juu au ukingo wa mlango. Ndani ziwe tabaka mbili za taulo, na kwenye kiganja ziwe tatu. Mwombe fundi apitishe mistari michache tu ya kushikilia tabaka zisihame. Akiijaza mistari mingi, kila mshono unabana hewa. Uzi nao uwe wa pamba kama anao.

Mwambie jambo moja kwa msisitizo: asijazie sponji. Mafundi wengi hujazia vipande vya sponji ya magodoro kwa sababu ni vyepesi, vinapatikana bure, na glovu inaonekana nono na ya kupendeza. Sponji hiyo huyeyuka, na ikishika moto huwaka kwa kasi na kutoa moshi wa sumu. Glovu nono ya sponji ni hatari kuliko boksi la sabuni.

Ikishakamilika ijaribu kabla ya kuiamini. Chemsha maji, vaa glovu, ulaze kiganja ubavuni mwa sufuria bila kuibeba, uhesabu polepole. Ukifika 15 bila kuhisi zaidi ya uvuguvugu, imefaulu. Joto likikufikia mapema, toa mkono, umrudishie fundi aongeze tabaka. Jaribu pia kuivua kwa kukung'uta mkono mara moja. Ikigoma kutoka, ipanuliwe. Mchuzi ukiingia ndani ya glovu iliyobana, glovu inaushikilia palepale kwenye ngozi, na kila sekunde ya kuhangaika nayo ina gharama.

Kuitumia kuna utaratibu wake, na mwanzo wake uko mbali na jiko. Kabla ya kugusa sufuria, jua itatua wapi. Weka kibao, au kata ya majani, au kigae mezani, ondoa vikombe, hakikisha njia haina ndoo, kiti wala mtoto anayetambaa. Tangaza kwa sauti kwamba unapita na cha moto. Katika nyumba zenye watu wengi tangazo hilo lina maana sawa na glovu yenyewe. Kisha vaa zote mbili. Glovu moja kwa trei nzito ni mtego, maana trei ikielemea upande mmoja, mkono mtupu unakwenda kuisaidia wenyewe bila kuombwa.

Oveni ifunguliwe ukiwa umesimama pembeni, uso ukiwa mbali, na usubiri pumzi ile ya kwanza ya moto itoke. Vuta wavu nje kwanza, uitoe trei ikiwa mbele yako, badala ya kuchomeka mikono hadi ndani. Kifuniko cha sufuria kifunguliwe kwa kuinua upande ulio mbali nawe ili mvuke uelekee huko. Kwa jiko la presha, subiri presha ishuke yote; hakuna glovu ya nyumbani iliyokusudiwa kwa kazi ya kulifungua kabla ya wakati.

Wali wa kupaliwa unastahili maelezo yake, kwani ndipo glovu nyingi za Pwani zinapoishia. Kifuniko kilichobeba makaa kwa robo saa ndicho kitu chenye moto mkali kuliko vyote utakavyovishika nyumbani. Hapo glovu si ya kwanza. Ya kwanza ni koleo: ondoa makaa yote moja moja uyarudishe jikoni, kisha pangusa majivu kwa kipande cha boksi au ufagio mdogo wa makuti, ili yasimwagike kwenye wali. Acha kifuniko kipumzike dakika mbili tatu. Ndipo ukishike kwa glovu, ukiinue, na ukiweke chini palipoandaliwa, papo hapo, bila kukisimamia ukikagua kama nazi imekauka. Pamba kavu nene inaustahimili mguso huo mfupi. Ukianza kunusa karatasi inayoungua, umekaa sana.

Ugali nao una tabu yake, kwa kuwa unashika sufuria muda wote wa kusonga, na muda huo unazidi ule wa glovu yoyote. Ni afadhali kutumia kile kishikio cha chuma kinachobana ukingo, kiwe na mpini wa mbao, na glovu ibaki kwa kuepulia. Ukisonga juu ya mkaa, hakikisha jiko lenyewe halitikisiki kabla hujalaumu mkono.

Ikitokea umeungua, maji. Bomba likitiririka kwa ubaridi wake wa kawaida juu ya jeraha kwa dakika 20 kamili, bila barafu. Kama hakuna bomba, mimina kwa kikombe kutoka kwenye ndoo safi, mtu mwingine akikusaidia. Vua pete, bangili na saa mapema kabla mkono haujavimba. Dawa ya meno, yai, unga, mafuta na asali vyote viache jikoni. Vinafungia joto au vinaleta uchafu, na daktari atalazimika kukukwangua ili avitoe. Maji yana faida hata saa nzima imepita, kwa hiyo usiseme nimechelewa. Funika kwa kitambaa safi au plastiki safi ya kufungia chakula, bila kukaza. Jeraha likizidi ukubwa wa kiganja cha aliyeungua, au likiwa usoni, sehemu za siri, au kwenye kiungo, au aliyeungua ni mtoto mdogo, nenda hospitali hata kama maumivu yamepoa.

Utunzaji wa glovu hauna mengi. Mafuta yakiingia kwenye pamba huijaza vijishimo vyake kama maji yanavyofanya, na yenyewe yanashika moto, kwa hiyo ifuliwe mara kwa mara kwa maji ya moto na sabuni. Klorini iache, inadhoofisha pamba. Ianike juani, kisha uigeuze nje ndani uianike tena, kwa maana nje hukauka saa nyingi kabla ya ndani. Wakati wa masika ugumu huo ndio mkubwa. Uwe na jozi mbili, moja kambani na nyingine ndoanoni.

Mwisho, kila unapoifua, ingiza mkono uielekeze dirishani. Ukiona mwanga unapenya kwenye kiganja au kati ya dole gumba na kidole cha shahada, ambako huchakaa kwanza, au ukiona pamba imekuwa ya kahawia na inamomonyoka ukiisugua, glovu hiyo haiepulii tena. Isishonwe kiraka cha khanga, wala asipewe binti wa kazi aimalizie. Ikate, iwe tambara la kudekia, na jozi mpya iwepo ndoanoni kabla ya mlo unaofuata.